Reli ya Mita Nne

Butiama
6 Februari 2023

Mkwe wangu Debora,

Natumaini Kitaji hamjambo. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yananiambia mvua inakuja hata kama haiji. Mzigo huu nimempa Jenoveva, jirani yangu anayekwenda mwalo wa Mwigobero huko Musoma kila Jumanne na Ijumaa kununua dagaa. Nimemwagiza asiukalie. Ukikuta unanuka dagaa, malalamiko yapeleke kwake.

Ndani ya boksi kuna kichwa cha treni. Lazima umekisikia kwa marehemu mwanangu Nathan, maana alikuwa anamsimulia kila mtu. Si cha kuchezea. Ni mfano uliotengenezwa kwa vipimo, na kila kilichoko kwenye kichwa cha kweli cha mvuke utakikuta hapo, ila mvuke wenyewe, kwa sababu hiki kinakwenda kwa umeme. Nilipewa na mhandisi mgeni niliyefanya naye kazi kwenye karakana ya reli kule Tabora, siku anarudi kwao, mwaka 1999. Mimi nilimfundisha Kiswahili cha karakana, ambacho hawezi kukitumia mbele ya padri, na yeye akaniachia kichwa na reli zake. Transfoma niliizungusha mwenyewe. Reli nimezipigilia kwenye mbao hapa sebuleni, urefu wake mita nne. Mkoa wetu hauna reli nyingine, kwa hiyo meneja wa reli wa Mara ni mimi.

Sasa kimegoma. Nikiwasha umeme kinapiga kengele mara mbili, taa inawaka, kisha hakisogei. Nimefanya kazi ya fundi umeme wa vichwa vikubwa miaka thelathini na mmoja, lakini hivi vidude vidogo vinataka macho na vidole ambavyo mimi sina tena. Nathan alikuwa akijisifu kwamba mke wake anaweza kuamsha hata redio iliyozama ziwani. Nimeona nikujaribu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unaijua miiko yetu: baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Simu ni kuwekeana mdomo sikioni, na mimi naona ni afadhali hata kukaa meza moja. Lakini kuandika hakukukatazwa. Nadhani waliotunga miiko hawakuwa na kalamu.

Tangu misa ya mwaka ya Nathan hujafika huku. Sikulaumu. Nilitaka tu ujue kwamba nimeona.

Baba mkwe wako,
Mwikwabe

*

Kitaji, Musoma
21 Februari 2023

Baba, shikamoo.

Boksi lilifika salama, na kweli linanuka. Nilikitoa kichwa nikakiweka juu ya meza ya kazi, nikakaa nacho muda kabla sijashika bisibisi. Nathan aliniambia ni kizuri, ila hakuniambia kwamba kina ngazi ya kupandia dereva na kishikizo chake.

Ugonjwa ni betri. Kwenye kile kibehewa cha makaa kinachofuata kichwa kuna bodi ya sauti, na chini yake kuna betri ya volti tisa, ya mraba, kama ile ya kwenye mita yangu ya kupimia umeme. Umeme wa reli ukikatika kidogo, kwa mfano unapobadilisha mwelekeo, betri ndiyo inayoishikilia bodi isizimike. Hii ilikufa miaka mingi iliyopita, ikavuja, na maji yake yakala waya. Bodi ikiamka haikuti betri, basi inajifunga. Mota yenyewe ni nzima kabisa. Vichwa vingi vya zamani vya aina hii hutupwa watu wakidhani mota imeungua, kumbe ni betri.

Nimesafisha kwa spiriti na mswaki, nimeweka kishikio kipya na betri mpya ya kuchajiwa. Tafadhali, Baba, ikiisha usiweke ile ya kawaida ya dukani. Bodi hii inachaji, na betri isiyo ya kuchajiwa ikichajiwa inaweza kupasuka na kuharibu kila kitu. Ya kuchajiwa hapa Musoma sikuipata. Imetoka kwa mtu mmoja wa Bunda anayefunga umeme wa jua, yeye huwa na vitu kama hivi.

Kuhusu kufika Butiama, kila mwezi napanga. Halafu nafikiria kwamba nikiingia mimi, wewe unatoka kwenye nyumba yako mwenyewe, na Nathan hayupo wa kukaa katikati yetu. Naona nitakuwa nimekuja kukufukuza. Nisamehe.

Mkweo,
Debora

*

Butiama
13 Machi 2023

Mkwe wangu,

Kinatembea. Nilikiwasha Jumamosi asubuhi, kikapiga kengele, kikapiga honi, kikaondoka. Nilikuwa nimesahau ile sauti ya kuhema kinapoanza. Majirani walijaa mlangoni. Jenoveva alisimama kajifunga kanga akasema, "Mzee, kumbe siku zote unaishiga na treni ndani na mimi napandaga pikipiki." Nilikaa nikacheka peke yangu hata baada ya kuondoka kwao, na nikakumbuka kwamba sijacheka hapa ndani tangu tuzike.

Sasa limetokea jambo la ajabu. Tangu Jumanne kinarudi nyuma tu. Nikikiamuru kwenda mbele kinarudi nyuma, na nikikiamuru kurudi nyuma kinakwenda mbele. Nimekirudisha kwako, sina namna.

Nathan alikuwa akisema ukiwa na kazi mezani unasahau kula. Nimekuwekea mihogo mikavu chini ya boksi. Usiseme hukuiona.

Mwikwabe

*

Kitaji, Musoma
24 Machi 2023

Baba, shikamoo.

Mihogo nimeiona, nimeisaga, na nimeila kwa sato wa kukaanga. Asante.

Kichwa nacho nimekiona. Waya mbili za mota zimebadilishana nafasi, ya kulia iko kushoto na ya kushoto iko kulia. Kwa hiyo kinakusikia vizuri, ila kinafanya kinyume. Nimezirudisha, kazi ya dakika tano.

Kinachonishangaza ni jinsi zilivyochomelewa. Risasi ya kuchomelea inang'aa, tone dogo la duara, hakuna hata tone moja lililomwagikia pembeni. Mimi nilisomea ufundi huu miaka miwili na sijawahi kuchomelea hivyo. Nilimwonyesha yule mtu wa Bunda alipopita dukani, akasema aliyefanya hivi ni fundi wa siku nyingi. Nikamwambia hapana, baba yangu macho hayaoni vizuri, labda ni panya.

Jambo jingine. Iko dawa ya kudumu. Badala ya betri naweza kufunga kapasita kubwa. Inajaa umeme kwa dakika moja, inaishikilia bodi vilevile, haivuji, na itakaa miaka na miaka. Yule wa Bunda anazo. Nikikufungia hiyo, hutahitaji betri tena wala fundi. Niifunge?

Nimekaa na kichwa siku tano zaidi ya inavyotakiwa. Nilikuwa nakiwasha kila jioni nikifunga duka. Nimeona nikuambie.

Debora

*

Butiama
8 Mei 2023

Mkwe wangu,

Kapasita usifunge. Nimefikiri sana na nimeona betri inanifaa. Betri ni kitu cha kuangaliwa, na mimi nimezoea vitu vya kuangaliwa. Kitu kisichoisha kinamfanya mtu akisahau.

Panya wa huku ni wabaya kweli. Umesema vizuri. Wiki iliyopita wamerudi tena, maana kichwa kimenyamaza, hakipigi honi wala kengele, na nikikibadilishia mwelekeo kinajifunga kama zamani. Nimekiweka kwenye boksi lake. Safari hii nimeweka karanga.

Hizo karanga zina habari yake. Nathan alipokuwa na miaka tisa alikuwa anakaa mwisho ule wa reli na mimi mwisho huu. Ananiletea karanga moja juu ya kibehewa cha makaa, mimi naila, namrudishia kichwa. Moja moja. Tungeweza kumaliza kilo nzima hivyo, na mama yake akiita chakula tumeshiba. Akikosea kuibana karanga ikaanguka njiani, anakirudisha kichwa mwanzo na kuanza upya, hakubali kuiokota kwa mkono. Sikuwahi kumwambia mtu habari hii. Nimeona wewe ndiye unayestahili kuwa nayo.

Binti yangu Pelagia alikuja kutoka Bunda kunifulia na kunigombeza. Anakusalimu. Nilimuuliza kama huko Bunda wanaofunga umeme wa jua ni wengi, akasema ni wengi. Yule wako umemtaja katika barua zako zote mbili. Ni fundi mzuri?

Mwikwabe

*

Kitaji, Musoma
2 Juni 2023

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeichelewesha kwa sababu niliogopa kuiandika. Nitaanza na ugonjwa, maana huo ni rahisi.

Kati ya betri na kishikio chake nimekuta kipande cha karatasi. Kimekatwa kwa mkasi, mraba sawasawa, na kimetoka kwenye kalenda ya parokia yenu, naona mwisho wa neno Pasaka. Panya hawana mkasi, Baba. Panya hawajui kuchomelea. Nilipokiona nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini, halafu nikaingia nyuma ya pazia nikalia.

Nimeutazama upya kila ugonjwa uliokipata kichwa hiki tangu Machi. Waya zimebadilishwa, lakini hakuna iliyokatwa. Betri imezuiwa kwa karatasi, lakini haikugeuzwa, maana ingegeuzwa ingeunguza bodi. Kila mara ni ugonjwa usioumiza. Mtu aliyeufanya anakijua kichwa hiki kuliko mimi, na hakuhitaji fundi hata siku moja baada ya ile betri ya kwanza. Mimi nilijua tangu zile waya. Nilinyamaza kwa sababu nami nilitaka kichwa kirudi.

Sasa la pili. Yule mtu wa Bunda anaitwa Kija. Ni fundi mzuri, umeuliza nami nakujibu. Mwezi wa nne aliniomba nimwoe, yaani anioe, unaona hata kalamu inakosea. Mke wake alifariki zamani kuliko Nathan. Ni mtu mpole. Nathan angempenda, na hilo ndilo linaloniumiza na ndilo linalonituliza.

Sijamjibu. Ndugu zake wanataka kujua waje kwa nani. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tano kule Suguti, na mjomba aliyenilea tulimzika mwaka mmoja kabla ya Nathan. Nikaona sina mtu wa kuwaambia waende kwake. Mtu pekee ninayemwita Baba ni wewe, na wewe ndiye ambaye, kwa haki, hupaswi hata kuombwa.

Naogopa, Baba. Nikiolewa kwingine mimi si mkweo tena. Sitakuwa na sababu ya kuletewa boksi, wala wewe hutakuwa na sababu ya kuniandikia. Nikikataa, nitazeeka hapa dukani nikitengeneza kitu kisicho kibovu. Sikuombi ruhusa, kwa sababu sijui kama naweza kuiomba. Lakini sitampa Kija jibu lolote kabla sijakusikia.

Karatasi ya kalenda nimeitoa. Kichwa kinafanya kazi, nimempa Jenoveva akurudishie.

Debora

*

Kitaji, Musoma
25 Julai 2023

Baba, shikamoo.

Wiki saba zimepita. Jenoveva anakuja Mwigobero kila Jumanne na Ijumaa kama kawaida, na mimi nashuka pale ufukweni kila mara, na kila mara ana ndoo zake tu. Mwanzoni alikuwa anasema labda Ijumaa. Wiki iliyopita nilimbana, akaniambia, "Mzee hakaagi nyumbani siku hizi. Anavaaga koti, anashindaga kwa wazee wa ukoo." Nilipomuuliza wanazungumza nini, alisema wakimwona wananyamazaga.

Nimeelewa. Una haki ya kunishtaki kwa wazee, na sitajitetea. Nilijua nikiandika ile barua inaweza kuwa ya mwisho.

Ndani ya pakiti hii kuna ile kapasita. Nimeifunga kwenye kishikio cha volti tisa ili usihangaike, unatoa betri unachomeka hii. Waya mwekundu ni chanya. Kabla ya kuanza, acha kichwa kisimame dakika moja umeme ukiwa umewashwa, kapasita ijae, kisha kiondoke. Hakitakusumbua tena, na hutamhitaji mtu yeyote.

Kija nimemwambia asubiri. Hakuniuliza anasubiri nini.

Asante kwa karanga, na kwa habari yake. Hiyo nitabaki nayo.

Debora

*

Butiama
31 Julai 2023

Debora,

Kaa chini kwanza, barua hii ni ndefu.

Panya nimemkamata. Ana miaka sabini na tatu, alipewa cheti na shirika la reli kwa utumishi mzuri, na anaona aibu. Amekiri yote, waya na karatasi ya kalenda. Nilipoona ile betri ya kwanza imekuletea barua na barua imenifikia, niliona hapa nimepata njia ya kusikia habari zako bila kuvunja mwiko wa mtu. Kichwa kilipopona, njia ikafungwa. Ndipo nikachukua chuma cha kuchomelea. Vidole nilivyodhani sina tena vikakumbuka kazi.

Sasa nikujibu kwa nini nilinyamaza.

Wiki ya kwanza nilikasirika, sitakuficha. Sikukukasirikia wewe. Nilimkasirikia Nathan kwa kufa, halafu nikamkasirikia huyo Kija kwa kuwa hai. Wiki ya pili nilikaa na karatasi mbele yangu nikaandika "Mkwe wangu", nikashindwa kuendelea, kwa sababu lile neno lenyewe ndilo lililokuwa linaondoka.

Wiki ya tatu nikavaa koti nikaenda kwa wazee. Sikwenda kukushtaki. Ningekushtaki kwa kosa gani? Nilikwenda kuuliza swali moja: mke wa marehemu mwanangu akiolewa kwingine, mimi kwake ni nani? Wazee watatu wakanipa majibu manne. Mmoja akasema ni mpita njia. Mwingine akaanza habari za ng'ombe kurudishwa, nikamwambia ng'ombe wale walikwenda kwa ajili ya ndoa, ndoa ilikuwapo, na mwanangu aliishi ndani yake kwa furaha, kwa hiyo deni halipo. Tukagombana. Nikarudi siku nyingine, tukagombana tena.

Siku moja natoka huko nikiwa na hasira, nikaanza kulifikiria jambo hili kama fundi. Kichwa kikigoma hulaumu kichwa kizima. Unafuata waya mmoja mmoja mpaka unafika pale panapozuia. Basi nikafuata. Nini kinachonizuia kukaa chumba kimoja na Debora? Mwiko. Mwiko umefungwa wapi? Umefungwa kwenye ukwe, na hakuna mahali pengine ulipofungwa. Ukwe unaisha lini? Siku utakapoolewa na Kija. Nikasimama barabarani. Miezi yote hii mimi nilikuwa naogopa kwamba ukiolewa nakupoteza, na wewe umeogopa hivyohivyo. Kumbe ukiolewa ndipo hakuna mtu duniani mwenye neno la kunizuia kukuona. Ukiacha kuwa mke wa mwanangu, kilichobaki ni kuwa mwanangu mwenyewe, na baba hamkimbii mwanawe.

Nikarudi kwa wazee na hilo. Walibishana mpaka mwisho wa wiki, na wa habari za ng'ombe ndiye aliyechelewa. Mwishoni wamekubali, kwa sharti kwamba nilitamke mbele ya mashahidi na nikuvike kitenge kwa mkono wangu, ili kila mtu aone kwamba hofu ya ukwe imeondoka. Yule mbishi amekubali kwa sharti lake la ziada, kwamba siku hiyo kuwe na nyama.

Lakini wazee hawawezi kunipa kitu ambacho ni chako. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na uko huru kukataa. Najua uliwahi kuwa na baba na simwondoi mahali pake. Je, unakubali niwe baba yako? Kama unakubali, waambie ndugu wa Kija kwamba Debora ana kwao, na kwao ni Butiama, na waje hapa. Nitawapokea kama mzazi. Nitawasumbua kidogo pia, kama mzazi.

Kapasita yako nimeipima. Imetengenezwa vizuri, chanya iko mahali pake. Nimeiweka kabatini, na itakaa huko.

Mwikwabe

*

Kitaji, Musoma
4 Agosti 2023

Baba,

Nimeandika kurasa tatu nikazichana. Ndiyo.

Debora

*

Butiama
3 Septemba 2023

Mwanangu Debora,

Jana wewe na kina Kija mliondoka saa kumi, na mpaka mnaondoka nilikuwa sijakuambia kitu. Pelagia amenicheka tangu jana. Ananiambia, "Baba, kwenye barua unaongeaga kama redio, mtu akikaa mbele yako unakuwa bubu." Nimemwambia avumilie, mimi hii ni kazi mpya.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya miaka saba, tangu Nathan alipokuoa, nimeyapanga kwa utaratibu. Nikakuvika kitenge, nikasema yale niliyotakiwa kusema mbele ya mashahidi, hayo niliyaweza. Halafu tukakaa mezani, wewe upande ule na mimi upande huu, ukaninawisha, ukaketi, ukanitazama. Maneno yote yakaondoka. Nikakuuliza kama chumvi imetosha. Baadaye nikakuuliza tena kama chumvi imetosha. Ulijibu vizuri mara zote mbili.

Kija nimemwona. Anakula polepole, na wakubwa wakizungumza hana haraka ya kuonekana anajua. Alipofika kwenye reli aliinama kwanza kutazama magurudumu, wakati ndugu zake wanashangaa honi. Mtu anayeanza na magurudumu hunipa imani. Alitaka kukifungua kichwa aone bodi, nikamkatalia. Nilimwambia kina fundi wake.

Jambo moja lilinishinda kabisa, na ndilo limenifanya nikae na kalamu leo baada ya misa. Sikuwa naujua uso wako. Miaka saba umekuwa katika familia hii, na mimi nilipokuona nilitazama chini, au ulikuwa umenipa mgongo. Hata siku ya mazishi nilitambua viatu vyako tu. Jana nimeona una kovu dogo kwenye kidevu, upande wa kushoto. Nimeona ukicheka unafunga jicho moja zaidi ya jingine. Kila mtu aliyekuwa mezani alikuwa anayajua hayo, isipokuwa mimi. Nilishindwa kuzungumza kwa sababu nilikuwa nakutazama.

Lile nililotaka kukuambia ni fupi. Siku Nathan alipokuleta hapa mara ya kwanza, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, kando ya ukuta wa jiko, kama ilivyonipasa. Nikawasikia mnacheka. Sikusikia mnacheka nini. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikasema moyoni kwamba mwanangu amechagua vizuri, na nikatamani kuingia nikuambie. Haikuwa ruhusa. Nathan akafa bila mimi kukuambia, na wewe ukawa katika familia hii miaka yote hiyo bila kujua kwamba ulipendwa.

Amechagua vizuri, mwanangu. Sasa nimekuambia.

Baba yako,
Mwikwabe